Pauni 350 kwa siku: kisa cha mpwa wangu na kampuni mwavuli

Mpwa wangu alinipigia simu Ijumaa moja usiku, Agosti 2025. "Shikamoo mjomba. Mjomba, nimepata kazi ya elfu tisini na moja!" Hata marahaba sikuwahi kuimaliza. Nyuma yake nilimsikia mdogo wake akipiga vigelegele, na sufuria zikigongana jikoni. Nyumba nzima ilikuwa sherehe.

Nikamwuliza hiyo elfu tisini na moja imeandikwa wapi. Akanyamaza kidogo. Haikuandikwa popote. Ajensi ya ajira ilimwambia pauni 350 kwa siku, yeye akazidisha kwa tano, akazidisha kwa 52, akapata 91,000. Kazi aliyokuwa nayo wakati huo, ya kuchambua data kwenye kampuni ya bima huko Reading, ilimlipa pauni 52,000 kwa mwaka. Nani asingefurahi?

"Ajensi imesema utalipwa na nani?" nikauliza.

"Wamesema nichague kampuni mwavuli. Wamenitumia orodha ya tatu." Yaani kampuni ya katikati inayomwajiri na kumlipa mtu aliyepelekwa na ajensi kwa mteja; nitaieleza mbele.

Mimi kazi yangu ni mishahara. Kwa miaka mingi nimekaa kwenye ofisi ya uhasibu hapa Birmingham nikiandaa salari slipu za watu wengine, na hiyo hesabu ya 91,000 nimeiona mara nyingi mno. Watu wanaacha kazi nzuri kwa ajili yake. Nimeomba ruhusa ya mpwa wangu nikieleze kisa chake na tarakimu zake zote, kwa sababu tangu siku ile wamenipigia watu watatu wengine wa nyumbani na swali lile lile.

Kwanza, aliwezaje kulifikiria jambo hili? Alikuja Uingereza kusoma, akapata kazi kwa viza ya udhamini mwanzoni mwa 2020, akakaa kwa mwajiri wake miaka mitano bila kuyumba, na Machi 2025 akapata ukaazi wa kudumu. Hapo ndipo mlango ulipofunguka. Rafiki yake wa Mombasa aliyetaka kumfuata nilimwambia wazi: wewe bado uko kwenye udhamini, viza yako imefungwa kwa mwajiri aliyekudhamini, usijaribu kumwacha ukaingia kampuni mwavuli. Ajensi inaweza isikuulize vizuri, lakini atakayeulizwa na uhamiaji ni wewe. Aliudhika kidogo, akaelewa.

Kazi yenyewe ilikuwa ya miezi sita kwenye benki kubwa huko Bristol, siku mbili ofisini na tatu nyumbani, na kwenye barua pepe ya ajensi kulikuwa na maneno "ndani ya IR35". Maneno hayo matatu ndiyo yaliyoamua nusu ya mambo kabla hatujashika kalamu. IR35 ni namba ya taarifa kwa vyombo vya habari iliyotolewa na mamlaka ya kodi Machi 1999, na jina likaganda. Sheria ilianza Aprili 2000. Lengo lake ni mtu anayefanya kazi kama mwajiriwa lakini analipwa kupitia kampuni yake mwenyewe ili kodi ipungue. Zamani mwenye kampuni ndiye aliyejipima mwenyewe kama sheria inamgusa. Mwaka 2017 upimaji ukahamishiwa kwa taasisi za umma zinazoajiri, na 6 Aprili 2021 ukahamishiwa pia kwa kampuni binafsi kubwa na za kati. Tangu siku hiyo benki nyingi ziliona heri kufunga mlango kabisa: hakuna kulipa kampuni ya mtu binafsi, pita mwavuli au usije. Kwa hiyo wazo la mpwa wangu la kufungua kampuni yake nililiondoa mezani kwa dakika mbili. Benki ikishasema uko ndani, yaani sheria inakugusa na unakatwa kodi kama mwajiriwa, kampuni yako haikusaidii kitu isipokuwa kukuongezea makaratasi.

Tukabaki na mwavuli. Sasa sikilizeni mwavuli ni nini, maana hapa ndipo 91,000 inapoyeyuka.

Kampuni mwavuli inakuajiri wewe. Unasaini nayo mkataba wa ajira kama mwajiriwa mwingine yeyote. Wewe unakwenda kufanya kazi benki, unajaza taimushiti, msimamizi wa benki anaithibitisha, benki inailipa ajensi, ajensi inailipa kampuni mwavuli, kampuni mwavuli inakulipa wewe. Zile pauni 350 ni hela inayoingia kwenye kampuni mwavuli. Ni mapato ya mwajiri wako kwa siku moja ya jasho lako, na mwajiri anatoa humo gharama zote za kukuajiri kabla mshahara wako haujazaliwa. Mtu aliyezoea ajira ya kawaida hazioni gharama hizi kwa sababu bosi hulipa upande wake, kimya kimya, na haziandikwi kwenye slipu. Chini ya mwavuli zinatoka kwenye hela unayodhani ni yako.

Jumamosi asubuhi tulikaa kwenye simu, yeye na daftari lake, mimi na langu, tukaandika wiki moja kamili kwa viwango vya mwaka wa kodi wa 2025/26:

Ajensi inalipa kampuni mwavuli: 1,750.00
Ada ya kampuni mwavuli: 25.00
Mchango wa mwajiri wa bima ya taifa (hifadhi ya jamii ya Uingereza), asilimia 15 ya kila kinachozidi 96 kwa wiki: 211.50
Tozo ya uanagenzi (mwajiri huchangia mafunzo ya wanagenzi), asilimia 0.5 ya mshahara ghafi: 7.53
Mshahara ghafi, likizo ikiwa ndani yake: karibu 1,506

Hapo bado hajakatwa kodi yake. Ondoa kodi ya mapato, karibu 361, na mchango wake mwenyewe wa bima ya taifa, karibu 69. Kinachofika benki ni karibu pauni 1,076.

Nilimsikia akiandika, kisha akaacha kuandika.

"Mjomba, kodi ya mwajiri nailipa mimi?"

Nikamjibu kwamba kisheria anailipa mwajiri, na hela anayolipia imetoka kwenye bei ya siku yako. Hakuna wizi hapo, ndivyo mfumo ulivyo. Wizi unaingia ajensi inapokutajia 350 kana kwamba ni mshahara. Halafu nikamwonyesha kitu kingine. Ndani ya ile 1,506 mna malipo ya likizo, asilimia 12.07 juu ya mshahara wa msingi. Ukiyatenga, mshahara wa msingi unabaki 1,343.80 kwa wiki. Gawa kwa siku tano: pauni 268 na senti. Mia tatu hamsini yake ilikuwa mia mbili sitini na nane na likizo kidogo pembeni. Mtu akikupa ajira ya PAYE, yaani ya mshahara unaokatwa kodi kabla haujakufikia, moja kwa moja kupitia ajensi kwa pauni 268 kwa siku pamoja na likizo, amekupa kitu kile kile, tena bila mtu wa kati. Nilimwambia aiulize ajensi kama wana njia hiyo. Walimjibu kwamba kwa kazi hii hawana.

Mtu mwingine angesema basi, acha. Mimi sikusema acha. Pauni 1,076 kwa wiki ni hela nzuri, na aliyezoea kuona mwavuli kama ulaghai mtupu anakosea kama yule wa 91,000. Swali lililobaki ni moja: wiki ngapi?

Kazi yake ya Reading ilimlipa 52,000, na mwajiri aliongeza asilimia 8 kwenye pensheni, yaani pauni 4,160. Jumla 56,160. Gawa kwa 1,506: wiki 37. Maana yake ni kwamba chini ya mwavuli, kwa bei ile, lazima afanye kazi wiki 37 ndani ya mwaka ndipo awe amelingana na alichokuwa nacho amekaa palepale. Ukitoa likizo, mwaka una wiki 46 hivi za kufanya kazi. Faida yote ya kuhama iko kwenye zile wiki tisa zinazobaki.

Tukapiga miisho yote miwili. Akifanya kazi wiki 46, anabaki na kama pauni 50,700 mkononi, wakati mshahara wa Reading kabla ya pensheni unamwachia kama 40,700. Elfu kumi zaidi. Miezi sita ikiisha na asipate kitu kingine mwaka mzima, wiki 26, anabaki na 31,700. Elfu tisa pungufu. Mizani ilikuwa imesimama karibu katikati, na kilichoilalia upande mmoja kilikuwa kwenye mkataba, ukurasa wa nne.

Kwenye ukurasa huo ajensi iliandika kwamba benki inaweza kuusitisha mkataba kwa taarifa ya wiki moja. Miezi sita ile iliyokuwa imeandikwa kwa herufi nene ukurasa wa kwanza haikuwa ahadi ya mtu yeyote. Benki ikibadilisha mpango Jumatatu, Jumatatu inayofuata hana pa kwenda, na kampuni mwavuli, ambayo ndiyo mwajiri wake kwenye karatasi, haina kazi ya kumpa. Kazi anayoiacha ina taarifa ya miezi miwili na mshahara kamili wa ugonjwa kwa miezi mitatu. Chini ya mwavuli akiugua atapata malipo ya ugonjwa ya kisheria, ambayo mwaka ule yalikuwa pauni 118.75 kwa wiki, kuanzia siku ya nne. Hapa nilimkumbusha habari ya mama yake, ambaye ni dada yangu. Kila mwezi mpwa wangu hutuma Tanga hela ya dawa za sukari na ya kumlipa binti anayemsaidia nyumbani. Hela ile haiwezi kusubiri benki ya Bristol ipange bajeti.

Kuna jambo lingine alilodhani atalipata na hakulipata. Alisikia kwamba makontrakta hudai nauli. Ilikuwa hivyo zamani. Tangu Aprili 2016, mtu aliye chini ya mwavuli anayefanya kazi kwa kuelekezwa na kusimamiwa na mteja hawezi kupata nafuu ya kodi kwa nauli ya nyumbani hadi kazini. Treni ya Reading hadi Bristol mara mbili kwa wiki ingetoka mfukoni mwake, kwenye hela iliyokwisha kukatwa kodi.

Katikati ya wiki ile akaja mtu wa tatu, na hili ndilo lililonitia hofu kuliko yote.

Kaka mmoja wa hapa hapa, Mswahili mwenzetu, mtu mwema tunayekutana naye kwenye misiba na harusi, alimtumia ujumbe wa sauti. Hizo tatu za kwenye orodha ni za watu wasiojua mambo, akasema. Yeye anatumia kampuni mwavuli nyingine, inamwachia asilimia 85 ya bei ya siku, kila kitu kihalali, wana barua ya wakili. Mpwa wangu akapiga hesabu: 85 ya 1,750 ni 1,487.50. Zaidi ya zile 1,076 zangu kwa pauni 411 kila wiki. Akaniuliza kwa upole, kwa heshima ya mpwa kwa mjomba, kama labda mimi nimezoea mambo ya zamani.

Sikumjibu kwa sheria. Nilimrudisha kwenye daftari. "Mwanangu, mshahara wako ghafi, kabla kodi yako haijaguswa hata senti, ni ngapi?" Akasoma: 1,506. "Na huyu anakuahidi kukuwekea mkononi ngapi?" 1,487. Akanyamaza. "Basi kwa hesabu yake, Mfalme atachukua kwako pauni kumi na nane kwa wiki. Wewe unayelipwa 1,506, unadaiwa 430."

Aliona mwenyewe. Tukaomba mfano wa slipu ya kampuni ile, na tulipoipata ilikuwa kama nilivyotarajia. Juu kulikuwa na mshahara wa kima cha chini cha mwaka ule, saa 37 na nusu kwa pauni 12.21, ambao ni karibu 458, umekatwa kodi vizuri kabisa. Chini, kwenye mstari wa peke yake, pauni elfu moja na kitu zimeandikwa "malipo ya awali yanayorejeshwa". Ni mkopo. Hela ambayo kwa maneno utairudisha siku moja, na kwa sababu ni mkopo eti haitozwi kodi. Hakuna anayekusudia kuirudisha, si anayelipa wala anayelipwa.

Wako watu wengi Uingereza waliolipwa hivi kwa miaka, wakiwemo wauguzi na wafanyakazi wa ustawi wa jamii walioambiwa ndiyo njia pekee ya kupata kazi. Mwaka 2017 bunge likapitisha tozo ya mikopo, na mikopo iliyokuwa haijarejeshwa kufikia 5 Aprili 2019 ikahesabiwa kuwa mapato na kudaiwa kodi kwa mkupuo. Baada ya mapitio ya Amyas Morse, mkaguzi mkuu wa zamani wa hesabu za serikali, Desemba 2019, ile ya kabla ya 9 Desemba 2010 ikaondolewa, lakini waliobaki walipokea madai ya kuvunja nyumba. Wapo waliofilisika, na wapo waliojitoa uhai. Waliowauzia mpango walikwisha kufunga ofisi. Mamlaka ya kodi, HMRC, tangu 2022 hutangaza hadharani majina ya mipango ya aina hii, lakini kampuni kama hizi hubadilisha jina upesi kuliko orodha inavyochapishwa, kwa hiyo kutoliona jina kwenye orodha si kinga.

Mpwa wangu alimjibu yule kaka kwa adabu kwamba hataingia. Mimi nilimpigia yeye mwenyewe, nikamweleza, nikamwomba aonane na mtaalamu wa kodi kabla deni halijakua. Alinishukuru, akabadilisha mazungumzo. Nitampigia tena.

Sasa tukageukia zile tatu za orodha. Kwa nini ajensi ina orodha? Sehemu ni hela: baadhi ya ajensi hulipwa na kampuni mwavuli kwa kila mtu wanayempeleka. Sehemu ni woga, na woga huu unatufaa sisi. Oktoba 2024 serikali ilitangaza kwamba kuanzia Aprili 2026, kampuni mwavuli isipopeleka kodi ya PAYE, ajensi nayo itadaiwa. Kwa hiyo ajensi zenye akili zilikwisha kuanza kuchuja.

Ada zao kwa wiki zilikuwa 18, 22 na 25. Mpwa wangu alikwisha kuipenda ya 18. Nikamwonyesha kwamba tofauti ya pauni saba inatoka kabla ya michango na kodi, kwa hiyo mkononi mwake ni kama pauni tatu na nusu. Chai na kipande cha keki stesheni ya Reading. Tusichague mwajiri kwa keki. Tukaomba kila moja itupe mkataba wa ajira, na waraka wa taarifa muhimu, ule ambao ajensi imelazimika kumpa mtu tangu 6 Aprili 2020, wenye mfano wa kila makato. Waraka wa ile ya 18 ulichukua siku tano na maombi mawili kufika. Mkataba wake ulisema malipo ya likizo yanatengwa pembeni, na yasipodaiwa kabla mwaka wa likizo haujaisha yanapotea. Kwa mtu wa 350 kwa siku, kinachotengwa ni pauni 162 kila wiki. Akisahau kudai kwa wiki 26, amewaachia zaidi ya pauni 4,200. Ada ndogo yao ilikuwa imelipiwa hapo. Ya 22 ilitoza hela ya kumtoa mtu anapohama. Ya 25 iliandika wazi kwamba likizo isiyotumika hulipwa mwishoni, hakuna ada nyingine, na ilimpa hiari ya likizo kulipwa kila wiki au kuwekwa.

Nilimshauri iwekwe. Wengi huichukua kila wiki, slipu inapendeza, halafu wiki ya kupumzika ikifika hawana kitu. Mjomba naye ana mazoea yake.

Uamuzi ulikuwa wake. Alikaa nao siku nne. Alichoniambia Alhamisi ile sikukitegemea: anataka kwenda, lakini si kwa masharti yale. Miaka mitano aliyofungwa na viza alikuwa anaitazama kazi ile ile, meza ile ile, na anahofia akiiacha nafasi hii atabaki hivyo hadi kustaafu. Hilo halikuwemo kwenye daftari langu, na lilikuwa na uzito. Tukakubaliana mambo matatu. Aombe bei ipande. Aombe taarifa ya kusitisha iwe wiki nne. Na asikabidhi barua ya kuacha kazi kabla hajawa na miezi mitatu ya matumizi, pamoja na ya Tanga, kwenye akaunti ambayo haina kadi.

Ajensi ilisema haiwezekani, kisha baada ya wikiendi ikawezekana. Bei 375, taarifa wiki mbili. Watu wetu wengi hawaombi, wanaona kama ni utovu wa adabu. Ajensi hukaa na nafasi kati ya wanacholipwa na wanachokulipa, na hawatakuambia ukubwa wake mpaka uwasukume kidogo. Kwa 375, mshahara ghafi ulifika karibu 1,614 kwa wiki, na wiki za kulingana na Reading zikashuka kutoka 37 hadi 35. Mwajiri wake naye akakubali aondoke mapema kidogo, na wakaachana vizuri.

Alianza 6 Oktoba. Slipu ya kwanza ilichelewa wiki mbili, kama kawaida ya mlolongo ule wa taimushiti, na kodi yake ilikatwa kwa msimbo wa dharura, ule wa mtu ambaye taarifa zake za kodi hazijafika, mpaka karatasi ya kuachia kazi ilipoingia. Hilo lilijirekebisha lenyewe.

Desemba benki ikafunga miradi kwa wiki mbili. Hakuna aliyemwambia hilo Agosti. Kwa wenye ajira ya kudumu pale ni sikukuu, kwa kontrakta ni wiki mbili bila taimushiti. Likizo aliyoiweka kwa wiki 11 ilikuwa imefika pauni 1,912 kabla ya kodi, ikamtosha wiki moja na siku chache. Hela ya Tanga ilitoka siku ile ile ya kila mwezi.

Katikati ya Januari 2026 alinitumia picha ya slipu. Alikuwa ameuzungushia wino mstari mmoja: pensheni ya mwajiri, 25.41. "Mjomba, na hii nayo imetoka kwenye hela ya kampuni, sivyo?" Ndivyo. Miezi mitatu ya kusubiri ilikwisha, akaingizwa kwenye pensheni kama sheria inavyotaka, na ile asilimia tatu ya mwajiri ilitoka kwenye bei ya siku yake kama vingine vyote. Wenzake wawili wa mradi walikuwa wamejitoa ili slipu irudi juu. Nikamwambia asijitoe, tena aongeze. Kampuni yake inarudisha kwa mfanyakazi akiba yote ya mchango wa mwajiri, kwa hiyo pauni 100 ikienda pensheni kabla ya makato, mkononi ataona upungufu wa pauni 50 tu. Katika mfumo mzima wa mwavuli sijaona mahali pengine ambapo hesabu inamwinamia mfanyakazi namna hiyo. Akaongeza 100 kwa wiki.

Mwishoni mwa Januari nilikwenda Reading kumjulia hali. Kwenye mlango wa friji amebandika karatasi yenye visanduku 35, kimoja kwa kila wiki aliyolipwa. Ilikuwa na alama 15. Mkataba ulikuwa unaisha mwanzoni mwa Aprili, na benki ilikuwa bado haijasema neno. Wakati chai inachemka alikuwa kwenye simu na ajensi nyingine, na nikamsikia akiuliza, kabla ya jambo lolote, kama bei wanayotaja ni ya mwavuli au ya PAYE.